Talaka Ipo Awamu ya Pili

Kwa aliyepitwa na safu ya wiki iliyopita, nafupisha ili tusonge mbele. Mimi ni mtumishi wa wakala wa serikali unaosimamia mifumo yote ya kompyuta ya umma pamoja na sera zake. Nilikuwa upande wa sera, ghorofa ya juu, kwenye kiti kinachozunguka. Kisha nikatuma ujumbe usemao "Hili ni jaribio, msijali" kwenye simu ya kila mwananchi, alfajiri, na wananchi wakajali. Nikashushwa chumba cha majaribio, ghorofa ya chini, kwenye kiti kisichozunguka.

Hekaheka hiyo ikafanya harusi yangu iahirishwe. Niliwaacha pale mchumba wangu aliponipa tarehe mpya, Ijumaa hii saa nne asubuhi, kwa Msajili wa Ndoa. Nikalala nikidhani mabaya yangu yamekwisha.

Jumatatu asubuhi mama akanipigia simu. Mama yangu hapigi simu asubuhi ila kuna msiba, kwa hiyo nilipokea nikiwa nimesimama.

"Mwanangu," akasema, "serikali imenitumia meseji. Inanishukuru kwa kushuhudia ndoa yako."

Nikamwambia ndoa yangu ni Ijumaa.

"Ndivyo nilivyojua na mimi. Sasa nauliza, nilikuwa nimevaa nini?"

Nikamwambia nitampigia baadaye, nikaingia ofisini mbio.

Chumba cha majaribio hakina dirisha. Kina feni moja, na hiyo hupuliza kompyuta, si watu. Humo hukaa Bi Hitilafu. Jina hilo alipewa na ofisi nzima, kwa sababu kazi yake ni kutafuta makosa ya mifumo kabla wananchi hawajayaona, na akiyakosa ya mfumo hutafuta ya kwako. Nilimkuta ameiweka simu yake mezani, anaiangalia jinsi mtu anavyomwangalia mende ambaye hana hakika kama amekufa.

"Hongera," akaniambia.

Simu iliandika kwamba serikali inampongeza kwa kufunga ndoa. Chini yake kulikuwa na jina la mume, na jina hilo lilikuwa langu. Nikatoa simu yangu mfukoni, sikuwa nimefungua meseji tangu jana yake. Na mimi nilikuwa nimepongezwa.

Hapa inabidi niwaeleze kazi yetu, la sivyo mtadhani nimerogwa. Mfumo wa kusajili watu haukubali jina la kubuni. Ukiandika mtu asiyekuwepo, unamtafutia namba ya kitambulisho, hauioni, unakufukuza. Kwa hiyo sisi wajaribu mifumo hutumia namba zetu wenyewe na za watu wetu. Kila mtu chumbani anajua hivyo na hakuna anayeona ajabu. Fundi aliyekuwa na kiti changu kabla yangu alikuwa akifa kwenye majaribio kila Jumanne, na jioni anarudi kwa mkewe kula.

Siku ya kujaribu mfumo mpya wa kusajili ndoa, Bi Hitilafu alikuwa bibi harusi kwa sababu ndiye mwanamke pekee chumbani. Mimi nilikuwa bwana harusi kwa sababu nilikuwa nimekaa karibu na kifaa cha alama za vidole. Tukaweka vidole, tukatamka kwamba tumekubali. Mfumo ukadai mashahidi. Kichwani nilikuwa na namba mbili tu zaidi ya yangu. Moja ya mama, kwa sababu ya mambo ya pensheni yake. Nyingine ya mchumba wangu, ambayo niliikariri kwa mapenzi. Nikaziingiza zote mbili.

Soma tena hapo, taratibu. Nilimfanya mchumba wangu awe shahidi wa ndoa yangu na mwanamke mwingine.

Kwa kawaida vitu vya majaribio hufutwa kabla ya uzinduzi. Lakini Jumapili, siku ya kuzindua, Mkurugenzi wetu aliona skrini kubwa iliyoandaliwa kwa ajili ya Waziri inasema ndoa zilizosajiliwa ni sifuri. Akaona sifuri haipendezi kwenye televisheni. Akaagiza kilichomo kiachwe humo humo. Waziri akapanda jukwaani, akasoma kwamba ipo moja, akasema mnaona, wananchi tayari wameanza kuoana kidijitali. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nilikuwa safu ya nyuma na sikuona vizuri.

Bado tunaangaliana na Bi Hitilafu, simu yangu ikaita. Mchumba wangu.

Mchumba wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Huongea nami pole pole kama anavyoongea na darasa la tatu, na kusema kweli mara nyingi nahitaji. Ulikuwa wakati wa mapumziko. Nyuma yake nilisikia watoto wanapiga kelele, kisha wakanyamaza wote kwa mpigo, nikajua amegeuka kuwaangalia.

"Nimeshukuriwa," akasema.

Nikamweleza yote, kuanzia namba za vitambulisho mpaka sifuri ya Waziri. Akasikiliza hadi mwisho bila kunikata. Kisha akauliza swali moja tu: kama namba yake ndiyo niliyokuwa naijua kwa moyo, kwa nini bibi harusi asiwe yeye, na huyo dada awe shahidi?

Nikamwambia bibi harusi lazima aweke kidole, na kidole chake kilikuwa shuleni.

Kiufundi jibu lilikuwa sahihi. Nilipolisikia likitoka mdomoni ndipo nikajua limeniharibia.

"Sikiliza," akasema. "Ijumaa saa nne nitakuwa kwa Msajili na gauni langu. Baba atakuwepo, wajomba watakuwepo. Mara ya kwanza ulipoahirisha nilikutetea, nikasema ni kazi. Safari hii sina maneno ya kukutetea. Ukifika pale bado una mke, usinitafute tena."

Kengele ya shule ikalia akakata simu. Mimi nampenda yule mwanamke, nataka hilo lieleweke. Nilitaka kumwoa tangu siku ya kwanza aliponisahihisha. Nikapanda ngazi kwenda kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi tunamwita Awamu ya Pili, maana chochote ambacho hakiko tayari hukisukumia huko. Choo cha ghorofa ya chini kipo awamu ya pili. Nikamwomba aifute ndoa yangu. Akaniangalia kwa huruma kabisa, akanikumbusha kwamba kwa mujibu wa sera, kilichoingia kwenye mfumo hakifutwi na mtu yeyote, awe mtumishi, awe mkurugenzi, awe Waziri. Akaniuliza kama namkumbuka aliyeandika sera hiyo.

Namkumbuka. Picha yake ipo ukutani pale pale ofisini, anakabidhiwa cheti, anacheka mpaka magego.

Basi nikaomba talaka. Nikasema kama ndoa haifutwi, iandikwe kwamba imevunjika, na mimi nitaishi na aibu hiyo.

"Talaka ipo awamu ya pili," akasema.

Nikauliza awamu ya pili ni lini. Akasema wanasubiri wafadhili. Kisha akafunga mlango na kunisogelea. Aliniambia kwamba ikisikika Waziri alishangilia jaribio, watu wawili watafukuzwa kazi, na yeye hatakuwa mmojawapo. Alisema kwa upole, kwa sababu si mtu mbaya. Alinisindikiza mpaka ngazini.

Jumanne nikapigiwa kutoka mapokezi. Una wageni, wakasema, wanajitambulisha kuwa wakwe.

Kumbe mfumo, kwa hiari yake, ulikuwa umemtumia pongezi na mzazi wa bibi harusi. Pale mapokezi walikuwa wamekaa baba yake Bi Hitilafu, askari magereza mstaafu, na dada yake, yaani shangazi mtu. Mzee amevaa koti na tai. Nikamwamkia shikamoo kwa sauti ambayo haikuwa yangu. Nilijiandaa kupigwa. Ningepigwa ingekuwa nafuu.

Mzee hakunipiga. Alinishika mkono akaung'ang'ania, akaniita mwanangu. Alisema yeye si mzazi wa kuwawekea vijana vikwazo. Alisema alichukia kidogo kutoambiwa, lakini kama tumeamua kupitia serikalini, basi serikali si mhuni, ameifanyia kazi maisha yake yote anaijua. Shangazi yeye alinipima kuanzia viatu kupanda juu. Akauliza kama nimezaliwa mwembamba hivi au ni mawazo.

Bi Hitilafu akatokea koridoni. Alipomwona baba yake na ile tai, akasimama.

"Baba," akasema, "yale yalikuwa majaribio tu."

"Ndoa zote ni majaribio, mwanangu," mzee akajibu. "Mimi na mama yako tulijaribu mpaka Mungu alipomchukua."

Wageni wakanywa soda za ofisi, wakaaga. Shangazi aliniachia maagizo ya kula.

Walipoondoka nilimkuta Bi Hitilafu amegeukia ukuta, analia bila sauti. Sikuwahi kumwona akilia. Aliniambia kwamba tangu mama yake afariki, mzee hajavaa tai. Alikataa kuivaa hata kwenye harusi za watoto wa ndugu zake. Leo ameivaa kwa ajili ya hitilafu ya kompyuta.

Nikataka kumfariji. Nikamsogezea feni.

Nilidhani ataniacha nizame peke yangu. Lakini Jumatano aliingia kazini na njia. Yeye husoma kanuni za mifumo jinsi wengine wanavyosoma udaku, na alikuwa ameipata chini kabisa, mahali ambapo mimi mwandishi wa sera sikuwahi kufika. Msajili wa Ndoa ana uwezo mmoja ambao kompyuta haikumnyang'anya. Wanandoa wakisimama mbele yake wakaapa, na wote wawili wakasema kwamba siku ile hawakukubali kwa dhati, Msajili huitangaza ndoa kuwa batili. Hatuulizwi sababu, hatulazimiki kumtaja Waziri, na hakuna anayefukuzwa. Sharti ni kwamba wakane wote wawili. Mmoja akisema alikubali, shauri linakwenda mahakamani, na mahakamani kesi zinaota ndevu.

"Tunaingia saa tatu, tunakana," akasema. "Saa nne unaoa. Mimi nitakupigia vigelegele huko nyuma."

Alisema huku anacheka. Mimi nikacheka pia. Nikampigia mchumba wangu, nikamwambia njia imepatikana. Akasema vizuri, ila gauni atalivaa akiona kwa macho.

Alhamisi hatukuwa na la kufanya. Mchana tuligawana mkate wake kama tulivyozoea, yeye akinimegea upande wenye siagi nyingi na kudai ni bahati mbaya. Siku nyingine angenisema kwa kutafuna kwa sauti. Siku hiyo hakunisema. Nikamuuliza ana nini. Akajibu kwamba amemweleza baba yake ukweli wote, na mzee amesema sawa. Kisha akairudia kazi yake. Mimi nikaangalia skrini yangu mchana kutwa na kama mngeniuliza kilichokuwemo nisingeweza kuwaambia.

Ijumaa nikavaa suti. Ofisi ya Msajili ni chumba kirefu chenye mabenchi, maua ya plastiki mezani, na jagi la maji lililofunikwa kitambaa. Katikati ya meza kuna kipaza sauti na kamera ndogo. Vifaa hivyo ni vya kwetu, tulivigawa nchi nzima. Kila kiapo kinarekodiwa, na kama mnavyojua, hakifutwi. Msajili mwenyewe ni mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa na uzi. Alituambia kwamba enzi za muhuri alikuwa anamaliza watu haraka, na kwamba tusiongee wakati taa nyekundu haijawaka, maana mtambo wetu husinzia.

Bi Hitilafu alikuja na baba yake. Mzee alisema binti yake hawezi kwenda mbele ya serikali peke yake, hata kama ni kwenda kukana. Tai alikuwa nayo shingoni. Alinisalimia vizuri tu, hakuniita mwanangu.

Tukaapa, mmoja mmoja. Msajili akatuonya kwamba anayeapa na kusema uongo hufungwa, na hapo askari magereza mstaafu akaitikia kwa kichwa kuthibitisha. Taa ikawaka.

"Tuanze na mke," Msajili akasema. "Binti, siku ile ulipoweka kidole na kutamka kwamba umekubali, ulikubali kwa dhati, au hukukubali?"

Bi Hitilafu akaangalia maua ya plastiki.

"Naomba maji," akasema.

Msajili akammiminia. Akanywa yote, akaiweka glasi chini taratibu.

"Nilikuja kusema sikukubali," akasema. "Tumepanga hivyo, na ningependa kumsaidia. Lakini nimeapa. Mimi nilikubali. Yeye alikuwa kazini, hakujua. Mimi sikuwa kazini."

Mzee akainama, akaweka kiganja usoni. Msajili akavua miwani. Mimi nikafanya hesabu ya mambo yaliyokuwa yananiporomokea. Shauri ni la mahakamani. Saa nne imeshakufa. Mchumba wangu yupo njiani na baba yake na wajomba zake, na mimi nina mke, kwa sheria, kwa alama ya kidole, na sasa kwa kiapo.

Nilipaswa kumkasirikia. Mtu yeyote mwenye akili angemkasirikia. Nimeahidi kuwaambia kila kitu katika safu hii, kwa hiyo nasema na hili, ingawa mama atalisoma. Sikukasirika. Nilifurahi. Furaha ilinijia kifuani yote kwa mara moja, mahali pabaya, saa mbaya, na ikakaa. Nilijaribu kuitoa usoni ikagoma. Nikaona aibu kubwa, maana kuna mwanamke mwingine ambaye hakunikosea chochote, na nilikuwa nimempa neno langu.

Nikageuka kutafuta hewa. Alikuwa amesimama mlangoni.

Mwalimu hachelewi. Alikuwa amefika mapema, peke yake, baba na wajomba amewaacha kwenye ngazi. Gauni alikuwa amelivaa. Sijui alisimama pale tangu lini, lakini alikuwa amesikia, na kibaya zaidi alikuwa ameniona uso.

Msajili akamuuliza yeye ni nani katika shauri hili. Akajibu kwamba yeye ni wa saa nne.

Akatembea mpaka mezani. Hakumwangalia Bi Hitilafu kwa chuki, alimwitikia kwa kichwa kama watu wanaojuana. Mimi aliniangalia kidogo tu.

"Muulize na yeye," akamwambia Msajili.

Msajili akaeleza kwamba haina haja tena. Mmoja akishakiri, lazima shauri lipelekwe mahakamani, hata mwingine aseme nini.

"Nimeelewa. Muulize tu. Mimi nataka nijue leo, nikiwa nimesimama hapa. Sitaki kuja kuambiwa baadaye, nikiwa na watoto."

Baba yake Bi Hitilafu akainua kichwa. Bi Hitilafu hakuinua chake. Msajili akavaa miwani, akahakikisha taa nyekundu inawaka, akanisogezea kipaza sauti mpaka kikagusa tai yangu.

"Bwana," akasema, "siku ile ulikubali kwa dhati, au hukukubali? Jibu kwa sauti, inarekodi."

Jibu nilikuwa nalo. Sikukubali, neno moja, nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu nyumbani mpaka pale. Nilihitaji kulitoa tu, na pengine mchumba wangu angenisubiri mpaka mahakama imalize, kwa maana anajua kusubiri. Nikafungua mdomo.

"Naomba maji," nikasema.

Msajili akanyoosha mkono kulifuata jagi. Mchumba wangu akamtangulia. Akaondoa kitambaa, akamimina glasi mpaka juu bila kumwaga hata tone, akaiweka mbele yangu pembeni mwa kipaza sauti.

"Kunywa," akasema pole pole, kama kwa darasa la tatu. "Halafu jibu."